Kishikwambi Darasani: Mzazi Aulize Nini?

Mwaka wa 2016, serikali ya kitaifa ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, kuanzia darasa la kwanza. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo ya KICD yalipeperushwa kwa redio na runinga. Watoto wengi wasiokuwa na redio wala umeme nyumbani walibaki nyuma.

Tunajifunza nini? Kifaa peke yake hakifundishi. Humsaidia mwalimu pale mtoto anaposikia matamshi ya herufi, anapoona jinsi moyo unavyosukuma damu, au anaporudia hesabu iliyomshinda bila kuchekwa. Kikifungiwa kabatini kwa kuhofia wezi, au kikikosa chaji, ni mali bila faida.

Mzazi, ukihudhuria mkutano wa shule, uliza:

1. Vishikwambi hutumika siku ngapi kwa wiki?
2. Kimoja hutumiwa na watoto wangapi?
3. Nani huvichaji na kuvitunza?

Nyumbani, mwombe mwanao akueleze alichojifunza. Akieleza kwa maneno yake mwenyewe, kifaa kimefanya kazi. Akijua kukiwasha tu, zungumza na mwalimu wake.