Bei Uliyolipa, Bei Uliyoandika

Uko Cheptais, umeagiza viatu kutoka China, na muuzaji anakuuliza, "Tukuandikie bei ya chini kwenye ankara?" Kataa.

Kupitia mfumo wa iCMS, maafisa wa forodha wa KRA hulinganisha thamani uliyotangaza na ya mizigo kama yako iliyowahi kuingia. Ikiwa chini mno, wanakuitisha ushahidi. Na thamani si bei ya viatu pekee. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inajumlisha pia nauli na bima hadi bandarini. Tuseme viatu ni shilingi 80,000, nauli 15,000, bima 1,000: unatangaza 96,000.

Sasa simu inaingia wapi? Ile meseji ya malipo tunayofuta haraka (hata mimi nilikuwa na ugonjwa huo) ina kiasi, tarehe na nambari ya muamala. Ihifadhi pamoja na ankara, au itisha taarifa ya akaunti yako. Bila ushahidi, afisa anaweza kukataa bei yako na kutumia ya bidhaa zinazofanana, huku mzigo ukikaa tu Mombasa na ada za ghala zikipanda.

Ushuru nao ulipe kwa nambari ya malipo iliyo kwenye hati ya KRA, usitume kwa simu ya wakala.