Makimbilio ya Paka

Katika vijiji vya Lugoba, na kando ya njia iendayo Msata, paka hupewa makao kwa sababu ya kazi yake. Mahindi yakiisha kuvunwa na kuwekwa ghalani, panya nao huja, na wahenga walisema kweli, "Paka akiondoka, panya hutawala." Kwa hiyo mwenye ghala humtunza paka mmoja. Lakini paka jike akizaa, jambo jingine hutokea. Watoto ni wanne, na ghala ni moja. Mmoja hupewa jirani. Waliosalia hutiwa kikapuni, wakatupwa sokoni au porini.

Atupaye hudhani kwamba ameepuka kuua. Sivyo, maana mtoto wa paka asiyejua kuwinda hufa kwa njaa, au huliwa na ndege na wanyama. Nao wachache wanaopona hukua, wakazaa tena jalalani. Hesabu yake ni hii. Paka jike huchukua mimba kwa muda wa majuma 9 hivi, naye aweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Ikiwa azaa mara mbili kwa mwaka, wanne kila mara, watoto wake ni 8. Ikiwa nusu yao ni majike, basi mwaka wa pili wazaao ni 5, na watoto wao ni 40. Si wote wapatao kuishi. Hata hivyo yaonekana wazi kwamba kikapu hakiwezi kulimaliza jambo hili.

Tangu zamani wako watu waliotafuta njia nyingine. Yasimuliwa kwamba Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliacha bustani karibu na Cairo iwe wakfu, ili mapato yake yawalishe paka wasio na wenyewe. Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Cairo katika miaka ya 1830, aliandika kwamba bustani yenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa, lakini Kadhi aliendelea kuwalisha paka. Na kila siku wakati wa alasiri walikusanyika katika ua wa mahakama, wakapewa chakula.

Makimbilio yajulikanayo sana katika siku hizi yako katika mji wa Roma, huko Italia. Katikati ya mji yapo magofu ya mahekalu manne ya kale, na karibu nayo ndipo alipouawa Julius Caesar mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristo. Magofu hayo yalifukuliwa katika miaka ya 1920, na paka wakaingia wakakaa humo, kwa kuwa yako chini ya barabara na magari hayafiki. Wanawake wa mji wakawaletea chakula. Katika miaka ya 1990 baadhi yao waliunda kazi yenye taratibu, wasilipwe mshahara wowote. Sheria ya Italia ya mwaka 1991 iliwasaidia: yakataza kumwua paka asiye na mwenyewe, isipokuwa amekuwa mgonjwa sana asiyeweza kupona. Mwaka 2012 wakuu wa mambo ya kale walitaka makimbilio yaondolewe magofuni. Watu wengi wakayatetea, na paka wakabaki.

Mtoto wa paka mwenye afya na sura nzuri hapati taabu kupata nyumba. Wanaobaki ni wengine: kipofu, mwenye miguu mitatu, mzee, na yule aliyekua bila kushikwa na binadamu, ambaye huogopa kila mkono. Mithali yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Nao hawa hawana jembe. Kipofu hujua njia kwa masikio, kwa pua na kwa sharubu zake, akatembea vema katika ua aliouzoea. Lakini akipelekwa mahali pageni, hana budi kujifunza yote upya. Mzee huhitaji dawa na chakula laini. Mwoga hufurahi akiachiwa nafasi yake, asilazimishwe kupakatwa. Kwa ajili ya hao, watu walio mbali hutoa fedha za kumlisha paka mmoja, naye akaendelea kukaa magofuni mpaka mwisho wa maisha yake.

Lakini nyumba isiyoua ina hatari yake. Wakiingia wengi na kutoka wachache, chakula hupungua, na ugonjwa wa mmoja huwa ugonjwa wa wote. Basi huruma peke yake haitoshi. Kazi kubwa ya makimbilio ni kuzuia uzazi. Paka hunaswa katika kizimba chenye chambo, hupelekwa kwa daktari wa mifugo, dume huhasiwa na jike hufungwa uzazi. Mara nyingi ncha ya sikio hukatwa kidogo angali katika usingizi wa dawa, iwe alama asije akanaswa mara ya pili. Kisha mwoga hurudishwa mahali pake.

Katika Afrika Mashariki nako moyo huo uko. Mwaka 1987 huko Lamu yalifunguliwa makimbilio ya punda, ambapo punda wagonjwa hutibiwa bure. Nayo Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo yahesabu kumtesa mnyama kuwa kosa.

Kijiji kisicho na makimbilio chaweza kuanza na mambo machache. Mwenye paka jike na amwulize bwana mifugo habari za kumfunga uzazi, kabla hajazaa. Na paka akizeeka, asipoweza tena kukamata panya, asifukuzwe; amekwisha kuilipia nyumba yake. Tena mtoto asimshike paka mgeni. Akiumwa au kuparuzwa, na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwa kuwa paka naye aweza kuambukiza kichaa cha mbwa.

MASWALI

1. Kwa nini kumtupa mtoto wa paka si kuepuka kumwua?
2. Ikiwa hao majike 5 wangalifungwa uzazi wote isipokuwa mmoja, watoto wa mwaka wa pili wangalikuwa wangapi?
3. Ni paka gani wasiopata nyumba upesi? Taja sababu ya kila mmoja.
4. Eleza kwa nini huruma peke yake haitoshi.
5. Mtu mmoja asema, "Mnyama asiyefanya kazi asile." Mjibu kwa sentensi sita.