Majaribio ya Uigizaji Hayafanyiwi Chumbani: Somo kwa Wasanii Chipukizi wa Muthurwa

Ujumbe unaingia kwenye simu saa mbili usiku: "Umepita. Lakini kuna kitu kidogo tumalizie. Njoo peke yako, nitakutumia nauli." Anayeusoma ni msichana aliyeketi mlangoni mwa mojawapo ya nyumba za zamani za reli hapa Muthurwa. Kwa miezi mitatu amefanya mazoezi na kundi linaloigiza vitabu teule, na muhula ujao kundi hilo litazunguka shuleni. Aliyemwandikia ndiye anayeamua nani atapanda basi na nani atabaki nyumbani.

Msichana huyu ni wa mfano tu. Hata hivyo, vijana wengi waliopitia makundi ya kuigiza, studio za muziki au vikundi vya densi wataujua ujumbe huo wakiusoma. Somo la toleo hili ni kuhusu ujumbe wa aina hiyo: sheria inauitaje, na anayeupokea afanye nini.

Tuanze na swali ambalo mtaani huulizwa kabla ya mengine yote: kwani alilazimishwa? Alienda kwa miguu yake, nauli akapokea, hakupiga kelele. Basi kosa liko wapi?

Jibu liko katika Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Mswada wake ulipelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu cha 43 kinataja mazingira ya kushurutisha, na kinayataja matatu. La kwanza ni nguvu. La pili ni kitisho cha kumdhuru mtu au mali. La tatu ndilo wengi hawalijui: matumizi mabaya ya mamlaka, kiasi kwamba aliyetendewa anashindwa kuonyesha kwamba hataki. Kifungu cha 42 nacho kinasema kukubali ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Kwa hivyo sheria ya Kenya haidai mpaka kuwe na ngumi au kisu. Inajua kwamba cheo pia huweza kumziba mtu mdomo. Ni kweli kwamba mahakamani jambo hilo lazima lithibitishwe, na si rahisi, lakini mlango upo. Na aliye chini ya miaka 18 hana idhini ya kutoa hata kidogo, awe alikubali au hakukubali.

Wengine husema mambo haya huwapata wasichana wasiojua kusoma hali, au wasio na watu wakubwa wa kuwatetea. Kisa cha Lupita Nyong'o kinapinga wazo hilo. Amelelewa Nairobi katika familia inayojulikana, na akiwa bado tineja aliigiza jukwaani papa hapa mjini na kundi la Phoenix Players. Tarehe 19 Oktoba 2017 alichapisha makala katika gazeti la New York Times akieleza yaliyompata mikononi mwa Harvey Weinstein, prodyusa aliyekuwa na uwezo mkubwa wa kumwinua au kumzima mwigizaji Marekani.

Walikutana mwaka 2011 mjini Berlin, Lupita akiwa bado mwanafunzi wa uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Weinstein alimwalika nyumbani kwake Connecticut kutazama filamu. Watoto wake walikuwepo, na wafanyakazi pia, kwa hivyo mgeni hakuona sababu ya kuogopa. Filamu ikiendelea, mwenye nyumba alimwita kando, akampeleka chumbani na kusema anataka kumkanda mwili. Lupita aliandika kwamba alijitolea yeye ndiye amkande, ili angalau ajue mikono ya yule mtu iko wapi. Weinstein alipotaka kuvua suruali, Lupita alielekea mlangoni. Aliporudi kwenye mwaliko mwingine baadaye, aliandamana na marafiki wawili wa kiume. Halafu kulikuwa na chakula cha jioni mjini New York, ambapo alitarajia kukuta watu wengine mezani. Kumbe walibaki wawili tu, na akaambiwa kuna chumba cha faragha juu. Alikataa. Baada ya hapo aliona heri kuuliza kama uhusiano wao wa kikazi bado uko sawa.

Hilo la mwisho ndilo mwalimu wa somo hili angependa msomaji alitazame kwa makini. Aliyekosewa ndiye aliyelazimika kuhakikisha hajamuudhi aliyemkosea. Hivyo ndivyo mamlaka yanavyofanya kazi, iwe Hollywood au kwenye studio ya chumba kimoja kando ya Barabara ya Jogoo.

Weinstein, kupitia msemaji wake, alisema anayakumbuka matukio hayo kwa namna tofauti, na kisa cha Lupita si miongoni mwa yale aliyohukumiwa kwayo. Alitiwa hatiani New York mwaka 2020 kwa malalamiko ya wanawake wengine. Hukumu hiyo ilifutwa na mahakama ya rufaa mwaka 2024, na kesi iliporudiwa mwaka 2025 akatiwa hatiani tena kwa shtaka moja. Mjini Los Angeles alihukumiwa kifungo cha miaka 16.

Ukizirudia hatua zile, utaona kwamba mtego haukuwa kwenye maneno. Ulikuwa kwenye mahali na saa, na kwenye nani ataondolewa mezani. Waigizaji wa Marekani walilielewa hilo: mnamo Aprili 2018 chama chao, SAG-AFTRA, kilitoa mwongozo wa kuwataka maprodyusa wakome kufanyia mikutano ya kazi katika vyumba vya hoteli na makazi ya watu, na pasipokuwa na pahali pengine, mwanachama aje na mwenzake. Hakuna kinachozuia kundi la watu kumi hapa Muthurwa kuandika kanuni hiyohiyo kwenye daftari lao la mikutano. Kumbi za kijamii za kaunti, kama ule wa Kaloleni, zipo kwa kazi ya namna hiyo. Mwelekezi asiyeweza kumsikiliza mwigizaji ukumbini mchana, mbele ya wenzake, aulizwe kwa nini.

Turudi kwa msichana wetu na ujumbe wake. Kifungu cha 23 cha sheria ileile kinahusu unyanyasaji wa kingono unaofanywa na mtu mwenye mamlaka ambaye anaendelea kumtongoza au kumdai mwingine ngono akijua kwamba hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Lazima ionyeshwe pia, kwa mfano, kwamba kukubali au kukataa kulitumiwa kuamua kazi ya mlalamishi. Zingatia neno "anaendelea". Ujumbe mmoja huenda usitoshe. Ndiyo maana jibu la maandishi, fupi na la heshima, lina uzito: "Samahani mwelekezi, sitakuja. Tuonane mazoezini." Baada ya hapo hawezi kudai hakujua. Na sheria haichagui jinsia. Wavulana pia hupokea jumbe hizi, ila aibu huwafunga mdomo zaidi.

Kuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 vilevile. Kifungu cha 6 kinakataza mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenza kuomba ngono kwa ahadi ya upendeleo kazini, au kwa kitisho kuhusu kazi ya sasa au ya baadaye. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa. Taabu ni kwamba wasanii wengi hulipwa kwa shoo, bila karatasi yoyote. Sheria hiyo inatambua mkataba wa mdomo, lakini mkataba wa mdomo ni mgumu kuuthibitisha. Omba barua, hata ya nusu ukurasa. Jirani zetu Tanzania wana jina la moja kwa moja zaidi, rushwa ya ngono, na sheria yao ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaiadhibu katika kifungu cha 25. Jina hilo lingetufaa hapa kwetu.

Mtu akitishiwa kwamba picha zake za faragha zitasambazwa, ajue kuwa kuzisambaza ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018, na adhabu yake hufika miaka 2 gerezani au shilingi 200,000.

Ikiwa mambo yamepita maneno na mtu ameingiliwa, hospitali ndiyo ya kwanza, hata kabla ya polisi. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Usioge, na nguo usizifue. Zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki na ile ya Kenyatta huwahudumia waathiriwa, na sheria inataka matibabu hayo katika hospitali ya umma yawe bure. Daktari atajaza fomu ya PRC. Kisha kituo cha polisi, ambapo kwa watu wa Muthurwa kilicho karibu ni Kamukunji: omba dawati la jinsia, chukua nambari ya OB na fomu ya P3. Simu ya 1195 hupigwa bure saa zote, na kwa watoto ni 116.

Jumbe, rekodi za sauti na picha usizifute, hata kama zinakuchoma moyo. Piga picha ya skrini umtumie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, lakini usidhani hiyo inatosha. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulitoka kwenye kifaa gani na ulitolewaje. Kwa hivyo simu yenyewe usiiuze, hata ikipasuka kioo.