Je, Turbo Hupunguza Matumizi ya Mafuta?

Somo kwa wenye magari, matatu na malori

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya za mafuta. Bei ikipanda, wenye magari huuliza mafundi swali moja: nikifungiwa turbo, gari langu litakunywa mafuta kidogo? Kabla ya kutoa pesa zako, elewa jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi.

Turbo ni nini?

Karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta hupotea kama joto kupitia bomba la moshi. Turbo huutumia moshi huo kuzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa na jingine linalovuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Wazo hili si geni: Alfred Büchi, mhandisi kutoka Uswisi, alilisajili mwaka wa 1905.

Hewa ikizidi, injini inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Kwa hivyo, kazi ya kwanza ya turbo ni kuongeza nguvu. Kuokoa mafuta ni jambo jingine.

Akiba hutoka wapi?

Akiba hutoka kwa udogo wa injini. Injini ya lita 1.4 yenye turbo inaweza kufanya kazi ya injini ya lita 2.0 isiyo na turbo. Ukiendesha kwa utaratibu, inakunywa kama injini ndogo, kwa sababu ni nyepesi na ina msuguano mdogo. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, inakunywa kama injini kubwa.

Lakini turbo ikiwekwa kwenye injini ya ukubwa ule ule, hesabu hubadilika. Mfano ni Subaru Forester ya lita 2.0: yenye turbo ina kasi zaidi, lakini kwa kawaida hunywa petroli nyingi kuliko isiyo nayo.

Petroli na dizeli

Katika injini ya petroli, hewa iliyoshindiliwa sana inaweza kufanya mafuta yalipuke kabla ya wakati, na injini ikagonga. Ili kuzuia hilo, injini nyingi huongezewa petroli ya kuzipoza zinapobeba mzigo mzito. Dizeli haina shida hiyo, na hewa nyingi huisaidia kuungua vizuri. Ndiyo maana karibu malori yote ya kisasa yana turbo.

Faida katika milima

Ukipanda kutoka Nakuru hadi Timboroa, unafika zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Turbo hufidia upungufu huo, na dereva halazimiki kukaa gia za chini kwa muda mrefu.

Kabla ya kumlipa fundi

• Injini ambayo haikuundiwa turbo inaweza kupasua gasketi au kuharibu pistoni.
• Uliza kampuni yako ya bima ikiwa mabadiliko hayo yataathiri fidia.
• Kama gari tayari lina turbo, badilisha oili kwa wakati. Baada ya kupanda mlima, acha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima.
• Moshi wa buluu unaweza kuonyesha kwamba turbo inavujisha oili. Moshi mweusi kwenye dizeli huweza kutokana na filta iliyoziba au bomba la hewa lililopasuka.

Pima mwenyewe

Jaza tangi na uandike kilomita. Endesha kama kawaida, kisha ujaze tena. Ukienda kilomita 420 na tangi likachukua lita 35, gari linaenda kilomita 12 kwa lita. Rudia mara tatu ili upate wastani.

Ikiwa gari limeanza kunywa kuliko zamani, anza na upepo wa magurudumu, filta ya hewa, breki zinazoshika na mzigo usiohitajika. Kurekebisha hayo hugharimu kidogo kuliko turbo, na akiba yake utaiona mara ya pili ukijaza tangi.