Shokapu Haibebi Mzigo, Mdogo Wangu

Swali la leo limetoka Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa kijana aliyeunda bagi nyuma ya nyumba yao: fremu ya mabomba aliyoichomelea mwenyewe, injini ya pikipiki, viti viwili. Mbele kumetulia. Nyuma ndiko kunakomtesa. Akipita shimo peke yake, kitako kinarushwa juu. Akimpakia mwenzake, kinagota chini. Anauliza anunue shokapu ipi iliyo ngumu zaidi.

Mdogo wangu, kwanza hongera. Gari la kwanza kuundwa kwa mikono yako ni jambo la kujivunia. Bagi iliyovuma kuliko zote duniani, Meyers Manx, nayo ilianzia kwenye karakana ya mtu mmoja, Bruce Meyers, huko California mwaka 1964. Sasa msikilize dada yako, aliyekulia kati ya magereji ya Buyenzi: usinunue kitu bado.

Shokapu haibebi mzigo. Inayobeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye matundu membamba, na ile nguvu ya kudunda inageuka joto. Ndiyo maana ukiishika baada ya njia ya mashimo unakuta ni ya moto. Ukifunga shokapu ngumu kwenye springi dhaifu, gari litagota vilevile ukipakia, na mashimo yote utayahesabu kwa uti wa mgongo.

Kwa hiyo tuanze na futi na jeki. Inua fremu, iegemeze kwenye magogo imara, ondoa springi na shokapu. Sasa pandisha mkono wa gurudumu kwa jeki mpaka mwisho wa juu, taratibu, ukiangalia kila kitu: tairi linagusa fremu? Paipu ya breki inavutika? Mnyororo au ekseli inakaa vizuri? Pima umbali kati ya tundu la juu la shokapu na la chini, uandike. Kisha shusha mkono mpaka mwisho wa chini, upime tena. Shokapu inayokufaa ni ile ambayo ikikunjwa yote ni fupi kuliko kipimo cha kwanza, na ikinyooka yote ni ndefu kuliko cha pili, kwa sentimita moja au mbili kila upande.

Hapo wengi huteleza. Wanaiacha shokapu yenyewe iwe ndiyo kizuizi cha gurudumu. Niliwahi kuona sikio la fremu limeng'oka pamoja na kipande cha bomba kwa sababu hiyo tu. Kamba hukatikia pembamba. Weka raba nene ya kugotea juu, na mkanda imara wa kuzuia mkono usishuke kupita kiasi. Bolti nayo ishikwe na masikio mawili, moja kila upande. Ikining'inia upande mmoja, itapinda.

Sasa tuje kwenye mahali ulipoifunga. Nadhani ugonjwa wako uko hapa. Shokapu iliyosimama wima katikati ya mkono inatembea nusu tu ya mwendo wa gurudumu, na ugumu wa springi unaofika kwenye tairi unabaki robo. Ndiyo, robo, si nusu: unapungua mara mbili, kwenye mwendo na kwenye nguvu. Ukiilaza nyuzi 45, ile robo nayo inakatwa nusu. Basi springi ya pikipiki, iliyotengenezwa kwa mzigo wa pikipiki, itaubebaje mzigo wako? Sogeza bolti ya chini karibu na gurudumu, isimamishe shokapu kadiri fremu inavyoruhusu. Kazi hiyo haikugharimu shokapu mpya.

Rudisha springi, tupime mlalo, yaani gari linavyoshuka ukilikalia. Inua kitako mpaka magurudumu yaning'inie, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi alama uliyoweka kwenye fremu. Shusha, kaa kwenye kiti, tikisa gari litulie, mwenzako apime tena. Kama mwendo wote wa gurudumu ni sentimita 24, gari liwe limeshuka karibu 8, zibaki 16 za kumezea mashimo. Likishuka kidogo zaidi ya hapo, kaza nati ya springi. Lakini elewa jambo hili: kukaza nati kunainua kitako tu, hakuifanyi springi iwe ngumu. Ukiona umekaza mizunguko mingi na bado linazama, unahitaji springi nyingine.

Kisha pakia abiria. Abiria wa majaribio asiwe mtu, tafadhali. Chukua bidoni tatu za lita 20, zile zile za mawese, zijaze maji ya ziwa: hizo ni kilo 60. Zifunge barabara kwenye kiti cha pili.

Halafu omba kwa wavuvi kipande cha uzi wa nyavu. Kifunge kwenye ile fimbo inayong'aa ya shokapu, kibane lakini kiweze kusukumwa, ukisogeze mpaka kwenye sili. Nenda, pita njia yako ya kawaida polepole, rudi, chuchumaa uangalie. Uzi umesukumwa mpaka pale fimbo ilipofika. Ukiishia karibu na mwisho kwenye shimo kubwa tu, umepatia. Ukifika mwisho kwenye kila shimo dogo, springi ni laini. Ukibaki katikati hata kwenye shimo kubwa, ni ngumu mno.

Springi ikishakaa sawa, ndipo urekebishe shokapu, kama ina skrubu. Kitako kikirushwa baada ya shimo, punguza kasi ya kurudi. Kikizidi kuzama kwenye barabara yenye mawimbi kama bati, umeipunguza mno, shokapu haipati muda wa kunyooka. Geuza hatua moja, pande zote mbili sawa, andika kwenye daftari, jaribu tena.

Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari, ila mchanga wake hauna huruma. Ukiganda kwenye fimbo unaikwaruza, sili inakatika, oili inavuja. Ivalishe kipande cha mpira wa ndani wa tairi, na uifute kila jioni.

Neno la mwisho, na hili ninalisema kwa moyo wote. Ufukwe wetu si uwanja wa mashindano. Pale mama zetu wameanika ndagala, watoto wanacheza, wavuvi waliokesha ziwani wanashona nyavu. Tafuta njia tupu, vaa kofia ngumu, funga mkanda. Kiti cha pili kiendelee kubeba bidoni mpaka uzi wa nyavu ukuonyeshe safari kadhaa mfululizo kwamba gari haligoti. Siku hiyo mwage maji, umwite mwenzako apande.

Dada yenu.