Utando wa Seli Nyekundu ya Damu na Kinga dhidi ya Malaria: Matokeo ya Utafiti wa Kilifi

Makala haya yanaangazia ugunduzi mmoja katika taaluma ya seli ambao chimbuko lake ni Pwani ya Kenya, na ambao haujapata nafasi unayostahili katika maandishi ya Kiswahili. Ulichapishwa mwaka wa 2020 katika jarida la Nature na watafiti wa mradi wa KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cambridge na Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza. Swali lililowashughulisha ni la kale: katika kijiji kimoja chenye mbu wale wale, kwa nini mtoto mmoja hulazwa mahututi kwa malaria ilhali wa jirani hupatwa na homa kidogo tu na kupona?

Sehemu ya jibu ilijulikana tangu mwaka wa 1954, Anthony Allison alipoonyesha kwamba mtu mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Wazo hilo lilimjia kutokana na damu aliyoipima nchini Kenya mwaka wa 1949: jeni hiyo ilikuwa nyingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na haba katika nyanda za juu. (Istilahi yenyewe, selimundu, yastahili sifa. Ni seli yenye umbo la mundu. Hata asiyesomea sayansi huiona.) Lakini kinga hiyo ina gharama kubwa, kwa kuwa mtoto anayeirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama huugua maisha yake yote.

Seli nyekundu ya damu ina upana wa takribani maikromita 8, haina kiini, na huishi siku 120 hivi. Tunaweza kuifananisha na mfuko laini uliojaa himoglobini. Kimelea cha malaria kinachoua zaidi, Plasmodium falciparum, hutoka katika ini na kuingia katika damu, kikajishikiza kwenye utando wa seli, kikaugeuzia ncha yake, kisha kikajisukuma hadi ndani. Humo huzaana. Baada ya saa 48 hivi seli hupasuka na kumwaga vimelea vipya, navyo huvamia seli nyingine. Homa na mitetemeko ya mgonjwa hutokana na kupasuka huko. Kwa hivyo kimelea kisipoweza kuupenya utando, ugonjwa hauanzi.

Hapa ndipo linapoingia kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo ni sehemu ya mfumo wa MNS. Hutokea pale jeni mbili za protini za utando, glaikoforini A na glaikoforini B, zinapounganika na kuzaa protini chotara. Kundi hili hupatikana Kilifi, na ni nadra katika sehemu nyingi za dunia. Mwaka wa 2017 ilibainika kwamba nakala moja ya jeni hiyo hupunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40 hivi, na nakala mbili kwa takribani asilimia 70. Namna inavyofanya hivyo haikuwa imeeleweka.

Wengi wangelitarajia jibu la kufuli na ufunguo: protini imebadilika, kimelea hakipati pa kujishikiza. Watafiti walichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi, wenye nakala mbili, moja au wasio nayo kabisa, wakatazama kwa hadubini na kupiga picha za video kimelea kikijaribu kuingia. Ilionekana kwamba utando wa seli za Dantu umekazika zaidi. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa kuliko istilahi yoyote ya kukopa: kuwamba. Utando huo umewambwa kama ngozi ya ngoma, na kimelea hugonga bila kuupinda.

La kupendeza zaidi ni kwamba hata katika damu isiyo ya Dantu kuna seli ambazo utando wake umewambika kupita kiwango fulani, nazo pia vimelea hushindwa kuziingia. Dantu huongeza tu idadi ya seli za namna hiyo. Kinachozuia, basi, ni mkazo wenyewe. Mwaka wa 2023 matokeo ya jaribio lililofanyiwa Wakenya watu wazima waliojitolea kuambukizwa chini ya uangalizi wa madaktari yalithibitisha kwamba wenye Dantu walikingika.

Watafiti sasa wanafikiria dawa itakayouongeza mkazo huo kidogo. Ugumu ni kwamba seli nyekundu sharti ijikunje ili ipite katika mishipa myembamba kuliko upana wake, na bandama huziondoa seli zilizokakamaa. Dawa hiyo itahitaji kuuwamba utando kiasi cha kukishinda kimelea, na usizidi hapo.