Doa la Dari: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupaka Rangi

Mkoa wa Katavi hupata mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiangazi ndicho kipindi mwafaka kwa wakazi wa Kata ya Magamba kukagua na kukarabati nyumba zao.

Kosa linalojirudia ni kupaka rangi juu ya doa la dari pasipo kujua maji yalikotoka. Msimu unaofuata doa hurejea, na gharama huanza upya. Ndugu mwananchi, zingatia hatua zifuatazo.

1. Tambua chanzo
Doa linalopanuka wakati wa mvua tu hutokana na paa. Doa lililo bichi hata kiangazi hutokana na bomba au tangi. Ili kuhakikisha, funga mabomba yote, andika tarakimu za mita, kisha subiri saa 1 bila kutumia maji. Tarakimu zikisogea, kuna uvujaji. Lita 1 inayopotea kila saa ni lita 720 kwa siku 30, nawe utazilipia.

2. Kagua paa
Tundu si lazima liwe juu ya doa, kwa kuwa maji hutiririka juu ya mbao kabla ya kudondoka. Anza usawa wa doa, ukipanda kuelekea kwenye kofia ya paa. Ukiwa darini mchana, mwanga unaopenya huonesha matundu. Angalia pia misumari iliyolegea na maungio ya mabati. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, si bondeni yanakopita maji.

3. Jihadhari na dari iliyotuna
Jipsamu iliyolowa huwa nzito na inaweza kuanguka ghafla. Waondoe watoto chumbani, zima swichi kuu ya umeme, na usiguse taa iliyolowa. Weka ndoo chini ya sehemu iliyotuna, kisha, ukiwa umesimama kando, toboa tundu dogo ili maji yatoke taratibu.

4. Kausha, ndipo utengeneze
Baada ya kuziba chanzo, acha dari na mbao zikauke kabisa. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu hubanduka, na kuvu huendelea kuota. Kipande kilicholegea kikatwe na kubadilishwa. Mbao zilizooza au kuliwa na mchwa ziondolewe.

Wajibu wa kila mmoja
Uvujaji ulio kabla ya mita utolewe taarifa kwa Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Mpanda (MUWASA). Ulio baada ya mita ni jukumu la mteja. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba mapema, ikiwezekana kwa maandishi, ili pasiwepo ubishi wakati wa matengenezo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la msumari mmoja huzibwa kwa gharama ndogo. Dari ya chumba kizima haitengenezwi kwa gharama hiyo.